Msikate Kimeo, Pimeni Kifua

Koo linalosumbua zaidi ya wiki mbili lisiitwe tatizo la koo mpaka kifua kiwe kimepimwa. Huo ndio msimamo wangu, na nauandika nikijua kwamba unapingana na mazoea ya nyumba nyingi Tanzania, ambako kikohozi kisichokoma hutafutiwa mkosaji mdomoni, katika kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Mtoto akikohoa usiku na kutapika, anapanuliwa mdomo mlangoni penye mwanga, jirani anachungulia, na hukumu inatoka hapo hapo: kimeo kimerefuka. Mtu mzima akikonda huku anakohoa, ataulizwa kama ameshakatwa kimeo kabla hajaulizwa kama amepimwa makohozi. Madhara yake ni mawili na huja pamoja. Mgonjwa anajeruhiwa mahali pasipo na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe unapewa nafasi ya kukua.

Kwa nini mapafu yaugue, halafu mtu alalamikie koo? Jibu liko katika jinsi tulivyoumbwa. Nyama ya pafu yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachouma ni utando unaotanda ukuta wa kifua kwa ndani, na ugonjwa unaweza kutoboa pango kubwa katikati ya pafu kabla haujaufikia utando huo. Koo, kwa upande wake, lina hisia kali mno, kwa kuwa ndilo linalolinda njia ya hewa. Taarifa nyingi za koo, za zoloto (kisanduku cha sauti) na za mirija ya hewa husafiri kwenda ubongoni kupitia mshipa mmoja mrefu wa fahamu, uitwao vagasi, na ubongo hauna uwezo mzuri wa kutofautisha ni tawi lipi lililopiga kelele. Mwasho ulioanzia kwenye mrija wa hewa kifuani huhisiwa kama mkwaruzo wa shingoni. Mgonjwa anaponionyesha koo kwa kidole, hasemi uongo hata kidogo. Anaonyesha mahali anapohisi.

Tuongeze makohozi. Ukuta wa mirija ya hewa umefunikwa na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana husukuma ute kutoka chini kuja juu, ukiwa umebeba vumbi, masizi na vimelea. Ute huo hufika kooni na tunaumeza bila habari. Mapafu yakiugua, ute unaongezeka na kuwa mzito. Vinyweleo navyo, hasa kwa mvutaji sigara na kwa anayepikia kuni miaka nenda rudi, hulegea na kupungua. Matokeo yake ni malalamiko ninayoyasikia karibu kila siku ya kliniki: "Daktari, kuna kitu kimekwama kooni, nakikohoa hakitoki." Hakuna kilichokwama. Ni mzigo wa kifuani uliofika kwenye kituo cha mwisho.

Sauti nayo ina siri yake. Mshipa wa fahamu unaochezesha uzi wa sauti wa upande wa kushoto hautoki kichwani na kuingia kooni moja kwa moja. Unashuka kwanza hadi ndani ya kifua, unapita chini ya tao la mshipa mkuu wa damu utokao kwenye moyo, kisha unapanda tena hadi kwenye zoloto. Katika safari hiyo unapita jirani na pafu la kushoto na tezi zake. Uvimbe wa saratani ya pafu, tezi zilizovimba, au mshipa mkuu uliotanuka ukiukandamiza, uzi wa sauti unapooza na mtu anabaki na sauti ya kukwaruza au ya pumzi tupu. Mwaka 1897 daktari Norbert Ortner wa Austria alieleza wagonjwa waliopoteza sauti kwa sababu ya moyo uliotanuka hadi kuubana mshipa huohuo. Kwa hiyo mvutaji sigara mwenye miaka hamsini ambaye sauti imemkauka mwezi mzima anaweza kuwa na koo safi kabisa huku jibu likiwa kwenye picha ya kifua.

Kisha kuna kifua kikuu cha zoloto, ambacho aghalabu hutokana na kifua kikuu cha mapafu. Makohozi yenye vimelea hupita hapo kila mgonjwa anapokohoa, na vimelea hujipandikiza kwenye nyuzi za sauti. Sauti inakauka, kumeza kunauma hata mate, na mgonjwa anahamia kwenye uji na chai. Hali hii ni ya kuambukiza mno. Ndugu zake humwambia asukutue kwa maji ya chumvi, alambe asali na tangawizi, anunue pipi za kifua. Sina ugomvi na asali, hutuliza mwasho. Ugomvi wangu ni na wiki zinazopita wakati asali inafanya kazi ambayo si yake.

Turudi kwenye kimeo, kwa sababu ndipo hatari kubwa ilipo. Kimeo kina kazi. Husaidia kuziba njia ya puani tunapomeza, na hutoa ute wa kulainisha koo. Mtu anayekohoa kwa nguvu siku nyingi, au anayetapika kwa kukohoa, kimeo chake huvimba na kulegea, kwa hiyo kweli huonekana kirefu. Anayechungulia anaona sawasawa, lakini anageuza mambo: kikohozi ndicho kilichovimbisha kimeo. Maji ya bomba yakitoka na tope, mwenye akili hang'oi koki. Anafuata bomba hadi kwenye tangi.

Nakumbuka mama mmoja aliyemleta binti yake mdogo, ambaye hajaanza chekechea. "Daktari, huyu kimeo tulishamkata, ila kikohozi kimegoma." Nilipoangaza tochi, nyuma ya ulimi palikuwa na kisiki chenye utando wa kijivu. Pembeni mwa shingo tezi zilikuwa zimevimba, ngumu, hazina maumivu. Nikaomba kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri tangu kuzaliwa, kisha ukalala bapa kwa miezi kadhaa mfululizo, muda mrefu kabla ya wembe. Nikamuuliza, "Mama, nyumbani kuna mtu mwingine anayekohoa?" Akasita kidogo. "Yupo baba yake mkubwa, tangu mavuno anakohoa. Lakini yule ni sigara." Baba mkubwa alipokuja na kutoa makohozi, vimelea vya kifua kikuu vilipatikana, na mtoto naye akaanzishiwa dawa. Kadi ile ya kliniki, ambayo kila mama anayo, ilikuwa imesema ukweli wote kabla ya mkata vimeo kuitwa.

Watetezi wa kukata kimeo huniambia, "Lakini wapo waliopona." Wapo, na sababu zake zinajulikana. Kikohozi cha mafua huweza kudumu hadi wiki tatu kisha kikaisha chenyewe. Aliyekatwa wiki ya pili atapona wiki ya tatu na wembe utapewa sifa. Pumu huja na kuondoka. Kifua kikuu chenyewe huwa na siku za nafuu na siku za kuzidiwa. Waliopona husimulia mtaa mzima. Wale ambao hawakupona huletwa kwetu wakiwa wamechelewa, na wengine hawaletwi kabisa. Hesabu inayohesabu waliopona peke yao haiwezi kuthibitisha tiba. Upande wa pili kuna gharama za wembe: kuvuja damu kwa mtoto ambaye tayari ana upungufu wa damu, damu hiyo kuingia kwenye mapafu, usaha kooni, pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI kama chombo kimetumika kwa mwingine. Hayo yote kwa kuondoa kiungo kisichokuwa na kosa.

Imani potofu, hata hivyo, haziishii kwa mkata vimeo. Nyingine tunazilea sisi wenyewe tunaovaa makoti meupe. Ya kwanza ni kwamba pasipo damu kwenye makohozi hakuna kifua kikuu. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu hawatoi damu kamwe, na anayesubiri damu anasubiri ugonjwa umege mshipa wa damu ndani ya pafu. Ya pili ni kuamini kwamba nafuu iliyoletwa na antibiotiki inathibitisha ilikuwa koo. Dawa za kundi la levofloxacin hupunguza nguvu za vimelea vya kifua kikuu kwa muda, zinampa mgonjwa wiki mbili za matumaini, zinachelewesha kugundulika kwa ugonjwa, na zinafungua mlango wa usugu. Ya tatu ni kipimo cha damu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya vipimo vya damu vya kutafuta kingamwili za kifua kikuu kwa sababu majibu yake yanapotosha. Anayekuuzia kipimo hicho anakuuzia karatasi.

Ya nne ndiyo inayonisikitisha zaidi: "Ni vumbi tu", "ni moshi tu", "ni sigara tu". Neno "tu" linageuza sababu ya hatari kuwa sababu ya kutulia. Mchimbaji wa Mererani au wa Geita anayevuta vumbi la mwamba hubeba ndani ya mapafu chembe za silika zinazoacha makovu na kudhoofisha kinga, na kwa hiyo uwezekano wake wa kuugua kifua kikuu unapanda. Mama anayepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha anaweza kupata ugonjwa sugu wa kuziba mirija ya hewa bila kuvuta sigara hata moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Na mvutaji sigara aliyezoea kikohozi chake anapaswa kushtuka kikohozi hicho kikibadilika tabia: kikizidi, kikileta damu, au kikiandamana na sauti iliyokauka.

Ya tano haisemwi kwa sauti. Watu hutamka koo kwa sababu wanaogopa kutamka kifua. Kifua kikuu kimebandikwa UKIMWI, umaskini na kurogwa, hivyo kusema "nina koo" ni heshima inayolindwa. Ni kweli kwamba mtu anayeishi na VVU yuko katika hatari kubwa zaidi, na ndiyo maana yeye hasubiri wiki mbili. Akikohoa hata siku moja anapaswa kuchunguzwa. Lakini wagonjwa wengi wa kifua kikuu hawana VVU. Wamevuta hewa ya chumba kimoja na mtu aliyekuwa akikohoa, kama baba mkubwa yule. Mwaka 2023 watu milioni 10.8 duniani waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 walikufa. Tanzania na Kenya zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi. Ugonjwa ulioenea hivi hauna haja ya mchawi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila koo ni kifua. Koo linalouma ghafla, lenye homa na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi wala mafua, mara nyingi kwa mtoto wa shule ni bakteria wa kooni, na hao lazima watibiwe kwa penisilini kama daktari atakavyoelekeza. Wakiachwa, huweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na miaka mingi baadaye moyo huo uliotanuka unaweza kumnyima mtu pumzi na hata kumkausha sauti kama wagonjwa wa Ortner. Kiungulia kinachopanda usiku hukwaruza koo. Ute unaoshuka kutoka puani kwa mwenye mzio hukohoza. Dawa za shinikizo la damu kama captopril na enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu chenye mwasho kooni, na kubadilishiwa dawa kwa ushauri wa daktari kunamaliza shida. Mwalimu, mhubiri na kondakta hupoteza sauti kwa kuitumia. Hata mgonjwa wa pumu anayevuta dawa ya kinga huweza kukauka sauti na kupata fangasi kinywani asiposukutua baada ya kila mvuto. Asiache dawa, asukutue.

Tunavitofautishaje basi? Kwanza kwa muda: wiki mbili kwa kikohozi, wiki tatu kwa sauti iliyokauka. Pili kwa wenzake: homa za jioni, jasho la usiku linalolowanisha shuka, kukonda, kuchoka, kukosa pumzi kwenye mlima aliokuwa akiupanda bila shida. Tatu kwa mlio. Filimbi inayosikika mtu anapotoa hewa kwa kawaida hutoka kwenye mirija ya kifuani, kama katika pumu. Mlio mkali unaosikika anapovuta hewa ndani ni wa njia ya juu kuziba, na huo ni wa kukimbizwa hospitali saa ileile. Mkimbize vilevile anayekohoa damu, anayetokwa udenda kwa kushindwa kumeza, na ambaye midomo imekuwa ya bluu. Kwa mtoto, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa mwenye miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya nimonia. Na kama kikohozi kilianza ghafla alipopaliwa na karanga, mbegu au shanga, mwambie daktari hivyo hivyo, hata kama ni mwezi uliopita. Karanga hukaa ndani ya mrija wa hewa kimya kimya huku nyumba nzima ikilaumu kimeo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, lakini kinataka kufanywa vizuri. Nimeona vikopo vingi vikirudi maabara vikiwa na mate matupu, na mate hayana majibu. Mgonjwa asukutue kwa maji, asimame nje au penye upepo, mbali na watu. Avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aitoe; arudie; kisha kwenye mvuto wa tatu akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni kile kizito, kijiko kimoja kidogo kinatosha, na kifuniko kifungwe palepale. Makohozi ya asubuhi, mtu anapoamka, ndiyo bora. Mashine ya GeneXpert, iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutambua kifua kikuu kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha kama vimelea ni sugu kwa dawa ya rifampicin. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa kwa choo chake. Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita, dawa nne kwa miezi miwili ya mwanzo na mbili kwa minne inayofuata, na katika vituo vya umma Tanzania huduma hiyo ni bure.

Nchi hii haiwezi kusema haijui njia. Hospitali ya Kibong'oto, huko Siha mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa 1977, na kazi iliyofanywa hapa na Dk. Karel Styblo pamoja na madaktari na wauguzi wa Tanzania ndiyo iliyojenga mfumo wa kumfuatilia mgonjwa hadi apone ambao dunia iliukubali baadaye. Lakini elimu hiyo haijafika mahali mgonjwa anapoanzia safari, yaani duka la dawa, mganga wa mtaa, na kikao cha ndugu.

Hapo ndipo tiba ya kijamii ianzie. Muuzaji wa duka la dawa muhimu aulize swali moja kabla ya kutoa dawa ya kikohozi au pipi za kifua: "Tangu lini?" Jibu likipita wiki mbili, amwelekeze mteja kituoni badala ya kumuuzia dozi ya tatu ya antibiotiki. Kwa wakata vimeo, sishauri tuanze na pingu. Wanajulikana, wanaaminika, na wanaona wagonjwa kabla yetu. Waratibu wa kifua kikuu wa wilaya wawafuate, wawafundishe dalili, wawape vikopo na fomu za rufaa, na wawashukuru hadharani kwa kila mgonjwa waliyemleta. Atakayeendelea na wembe baada ya kufundishwa ndipo sheria imfikie. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanapopata mgonjwa mmoja, waingie nyumbani kwake na kuwachunguza wote wanaolala humo. Watoto wa chini ya miaka mitano wasio na ugonjwa wapewe dawa ya kinga.

Kwetu sisi madaktari, nina madai mawili. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mwenye miaka arobaini na kuendelea au mvutaji sigara, ipate picha ya kifua na koo lichunguzwe kwa kamera. Kimoja bila kingine ni nusu ya kazi. Na mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vimelea kuthibitishwa, asipopata nafuu baada ya miezi miwili, atafutiwe ugonjwa mwingine kwa haraka, kwa sababu saratani ya pafu hujificha nyuma ya jina la kifua kikuu hadi muda wa kuitibu unapita.

Wewe msomaji, kama nyumbani kwako yupo anayekohoa au aliyekauka sauti tangu mwezi uliopita, usisubiri dalili nyingine. Mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi, na kama hakuna aliyemwambia apimwe makohozi, aombe mwenyewe. Majibu yakiwa safi na bado anakohoa, arudi adai uchunguzi zaidi. Ana haki ya kujua kinachomkohoza kabla mtu yeyote hajamtibu koo.